Maswali ya Orrin Hayaingii

Novemba 9, 1985. Jumamosi
Wifi Joyce amesoma kwenye gazeti la akina mama kwamba mjane akiandika kila siku hupona upesi. Kaniletea daftari lenye maua kwenye jalada. "Andika unavyojisikia, Ardis," akaniambia. Haya, wifi, naandika: sijisikii vyovyote. Theluji ya kwanza imeanguka. Nimekula mkate na jibini.

Novemba 12
Theluji.

Novemba 13
Theluji. Bakuli la Joyce, viazi na nyama ya kusaga. Jina lake limebandikwa kwa plasta chini ya bakuli, nisije nikajisahau nikalifanya langu.

Novemba 16. Jumamosi
Wendell Aasen amekuja. Huyu ndiye rafiki wa marehemu mume wangu, fundi wa mashine za kukamua ng'ombe. Tangu wawili hao wanunue kompyuta ya nyumbani kwa kuchangiana, mikono yake haijakauka grisi wala wino. Alisimama mlangoni na buti zake zenye theluji. Nikamkaribisha kahawa akakataa, nikamkaribisha tena akakataa, mara ya tatu akakubali, kama ilivyo ada yetu. Akanywa vikombe vitatu.

"Shemeji," akasema, "zile kanda za kiwanda."

"Zipo chini."

"Najua zipo. Nauliza tutafanyaje."

Nikamwambia sijui. Akatazama kikombe, nami nikatazama dirisha. Huku kwetu hayo ni mazungumzo marefu tu.

Joyce akija kulisoma daftari hili, na najua atalisoma, aelewe vizuri. Kaka yake, marehemu Orrin wangu, alipiga picha za video za harusi kwa miaka saba. Mwezi wa kumi moyo ulisimama akiwa anapakia taa kwenye gari nje ya kanisa, baada ya harusi ya watu wa Dalton. Lakini kiangazi, kiwanda chetu cha siagi kilipofungwa, alifanya kazi moja isiyokuwa harusi. Alikwenda na kamera akawahoji waliofanya kazi mle, akajaza kanda tano. Televisheni ya umma ya jimbo ikaahidi kuionyesha filamu hiyo Aprili, ikiwafikia kabla ya katikati ya Machi. Siku moja tu tumepewa katika chumba cha mitambo ya kuhariri huko Minneapolis, Machi kumi na moja. Orrin aliipigania siku hiyo tangu kiangazi mpaka kufa kwake, kwa simu na kwa barua, yeye ambaye hata mbele ya mhudumu wa hoteli aliona haya.

Ndani ya chumba hicho huwezi kukaa ukafikiri. Unakwenda na orodha tayari: mtu huyu aanzie namba hii kwenye kanda hii, aishie namba ile. Mitambo inakata kama ilivyoandikiwa. Orodha ikiwa safi, siku moja inatosha. Ikiwa chafu, siku inakwisha na filamu haipo, na Orrin anabaki mpiga picha wa harusi mpaka mwisho wa dunia.

Orodha hiyo Orrin hakuianza.

"Ulikuwa karani wewe, shemeji," Wendell akasema akivaa kofia. "Kupiga chapa unajua kuliko sisi wote."

Sikusema ndiyo wala hapana. Akachukulia ni ndiyo.

Novemba 17
Kanisani nilikaa kiti cha familia ya Lund. Sikujua mpaka ibada ilipokwisha. Wote sita walikuwa wamesimama nyuma kabisa muda wote, na watoto wao.

Novemba 30. Jumamosi
Nimeanza. Kompyuta iko kwenye chumba cha chini, karibu na tanuri la kupashia nyumba joto, juu ya meza ya kufumia. Inaonyesha maneno kwenye televisheni yetu ya zamani. Programu ya kupanga mikato aliiandika Wendell mwenyewe, mstari kwa mstari, jioni za mwaka jana. Anaizungumzia kama mtu anayemzungumzia ng'ombe wake aliyeshinda kwenye maonyesho.

Kanda halisi ni kubwa, mtambo wa kuzichezesha hatuna. Tunazo nakala za video ya kawaida. Chini ya picha zinakimbia namba: saa, dakika, sekunde, na picha moja moja, thelathini kwa kila sekunde. Kanda ya kwanza inaanzia saa moja, ya pili saa mbili, hivyo hivyo mpaka ya tano, zisichanganyike. Natazama, nasimamisha, naandika namba ya mtu kuanza na ya kunyamaza. Kisha naziingiza kwenye kompyuta.

Ukiiwasha inakuuliza swali moja kabla ya yote: hesabu ya kanda inafuata saa ya ukutani, au inafuata picha moja moja? Nilibonyeza saa ya ukutani. Mimi ni binti wa mfuga ng'ombe, ningefuata nini kingine? Wendell, nyuma yangu, alivuta pumzi kama anayetaka kusema kitu.

"Nini?" nikauliza.

"Ah. Sawa tu, shemeji. Inakaa hivyo kila ukiwasha, haikuulizi tena."

Desemba 3
Mikato saba. Baridi.

Desemba 4
Mikato mitano. Chakula cha Joyce.

Desemba 7
Leo Wendell alikaa kunitazama nikifanya kazi. Orrin alikuwa na sheria moja: maswali hayaingii. Watu wanaonekana wakisema, anayewauliza hasikiki. "Hakuna aliyewasha televisheni anisikilize mimi," ndivyo alivyokuwa akisema, na hilo lilimpendeza. Kwa hiyo kwenye kanda Orrin anauliza na mtu anajibu, nami nachukua jibu peke yake. Sauti yake ikianza, nabonyeza kitufe cha kutembeza kanda mbele. Picha inakimbia bila sauti, mdomo wa mhojiwa ukifunguka naachia.

"Husikilizi swali?" Wendell akauliza.

"Maswali hayaingii."

"Naam, lakini ili ujue jibu ni la nini."

"Jibu linajitosheleza."

Akakuna kichwa. "Sawa tu, shemeji."

Sijasikia sauti ya Orrin tangu Oktoba na sijaitafuta. Sisemi kwamba naiogopa. Sina hamu nayo, basi, kama nisivyokuwa na hamu ya chakula. Nakula kwa sababu bakuli lipo.

Desemba 15
Nimesoma somo kanisani. Lilikuwa la Jumapili ya wiki ijayo. Mchungaji akahubiri hilo hilo nililosoma. Sijui alilitoa wapi hilo hubiri.

Desemba 24
Nimepika lefse, ile mikate myembamba ya viazi ya bibi zetu, kwa ajili ya watu wa Joyce. Walikula wote. Mume wa Joyce alikula tatu. "Tamu kweli, Ardis." "Umepatia mwaka huu." Nikarudi nyumbani na mbili zilizobaki, nikapaka siagi, nikauma. Chumvi tupu! Nimechota kwenye kopo la chumvi nikidhani sukari. Ng'ombe wa mtu angekataa kuilamba.

Nilikaa na kile kipande mdomoni nikiwafikiria wote pale mezani, wakimeza na kutabasamu. Huku kwetu mfiwa hakosolewi. Ni adabu tuliyolelewa nayo, nami nimeifanya kwa wengine. Nilimwacha mama Lund avae koti la marehemu mumewe kinyume miezi miwili mizima. Sikujua kwamba upande wa pili wake uko hivi, kama kuongea ndani ya pamba.

Januari 2, 1986
Mikato kumi na mmoja. Mabomba ya jirani yameganda.

Januari 5
Kanda ya tatu nimemaliza.

Januari 11. Jumamosi
Kanda ya nne ina picha za ofisi ya kiwanda. Kamera inapita polepole, kabati, kalenda, kisha meza yangu. Nilipiga chapa kwenye meza hiyo miaka kumi na mmoja. Nilijua jina la kila mfugaji wa wilaya hii na mafuta ya maziwa yake. Siku za Ijumaa waandaa siagi walikuwa wakinipitishia kipande kwenye karatasi, bado laini, na mwenzao Selmer Bakke alikuwa akipiga kengele ya dirisha na kuuliza, "Malkia yupo?"

Niliacha mwaka ule Orrin alipoanzisha kazi ya picha. Hakuniomba niache. Asubuhi moja alisema tu, "Jumamosi kuna harusi Pelican Rapids, taa ziko mbili, kamera moja, na mikono ninayo miwili." Nikaelewa. Jumatatu nikatoa notisi. Yeye hakuuliza kitu nami sikusema kitu, na maisha yakaendelea vizuri tu, kama yanavyoendelea ya watu wote wa hapa.

Nimeipa meza sekunde sita. Inatosha.

Januari 14
Sikufanya kitu.

Januari 15
Sikufanya kitu.

Januari 16
Joyce kaja, kakuta nimekaa chumba cha chini na televisheni imewashwa bila kanda.

"Umekula, wifi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Joyce, bakuli lako liko pale, tazama."

Akatazama. Lilikuwa limejaa. "Sawa tu," akasema, akaliosha.

Januari 28. Jumanne
Chombo cha anga kimelipuka huku watoto wa shule wakitazama. Joyce alinipigia simu akilia, akasema washa televisheni. Nikawasha. Wanarudia ile picha, wanarudia tena. Nikajikuta natafuta namba chini ya picha, nijue kunaanzia wapi na kunaishia wapi. Nilipotambua nafanya nini nilizima. Sikulia. Nadhani mtu mwenye moyo mzima alitakiwa kulia leo.

Februari 1
Wendell amechapisha orodha ya kanda nne kwenye karatasi ile ndefu yenye matundu pembeni. Mashine inapiga kelele kama cherehani mbovu. Aliitandaza sakafuni akaikagua kwa magoti, miwani kwenye ncha ya pua.

"Iko vipi?" nikauliza.

"Nadhifu. Nadhifu sana, shemeji."

"Kuna kosa?"

Akakunja karatasi, akaikunjua. Nikaona shingo yake imekuwa nyekundu.

"Wendell, kama kuna kosa niambie. Sitavunjika."

"Nani kasema utavunjika? Ni sawa tu."

"Unasema hivyo kwa kila kitu."

"Kwa sababu kila kitu ni sawa." Akacheka peke yake, akavaa buti, akaacha glavu zake kwenye meza. Zamani nilikuwa namwona mtu wa maneno mengi, wa kumpotezea Orrin muda na michezo ya kompyuta. Siku hizi ndiye mtu pekee anayeingia nyumba hii bila kuleta chakula. Nilitaka arudi kuchukua glavu, lakini hakurudi.

Februari 8. Jumamosi
Kidole kimeteleza. Kanda ya tano, namhoji, namaanisha Orrin anamhoji, mama Hjelle aliyekuwa akifungasha siagi. Nilibonyeza kitufe cha kucheza badala ya kutembeza na sauti ikatoka: "Siku ile ya mwisho, ulipotoka mlangoni, ulijisikiaje, Inga?"

Taratibu. Kama anayemsemesha farasi aliyeshtuka. Kisha akasubiri, na akazidi kusubiri, mpaka yule mama akaanza kuzungumza.

Nilizima kila kitu nikapanda juu. Miaka ishirini na tisa nimelala na mtu huyu. Mama yangu alipokufa aliniuliza kama gari lina mafuta ya kutosha kwenda mazishini. Mimba ilipoharibika alinipikia mayai. Kumbe kuuliza alikuwa anajua! Kumbe sauti ya hivyo alikuwa nayo, alikuwa akiipeleka kazini pamoja na taa. Inga Hjelle anaulizwa alijisikiaje, mimi naulizwa habari ya mafuta.

Nimekasirika. Naandika hivyo ili Joyce asome. Haikudumu. Kufikia chakula cha jioni ilikuwa imekwisha, nikabaki vile vile.

Februari 9
Dhoruba. Barabara zimefungwa.

Februari 10
Dhoruba.

Februari 11
Nimechimba njia mpaka kwenye banda la gari. Mikono haisikii baridi, na hilo si jambo zuri, najua.

Februari 15
Nimerudi chini. Nimebakiza Selmer Bakke peke yake. Orrin alimwacha mwisho. Selmer amekaa kwenye ngazi ya ghala la kupoozea, nyuma yake dirisha la ofisi. Natembeza mbele. Selmer anasikiliza, anatazama pembeni ya kamera, alipo Orrin. Anasikiliza kwa muda mrefu. Anavua kofia. Mdomo unafunguka, naachia kitufe.

"Ningerudi," anasema. "Kesho asubuhi ningerudi. Lakini safari hii wanipe kiti, magoti yangu hayafanyi tena kazi ya bure."

Kisha anacheka na kujifuta macho. Hapo ndipo filamu itakapoishia. Sijawahi kuhariri kitu, lakini hilo hata mimi nimeliona. Nikaandika namba, kuanza na kuishia, nikafunga kanda.

Februari 22
Orodha imekamilika. Wendell ameichapisha yote na kuituma kwa posta Minneapolis ili fundi wa kule aingize namba mapema. Alipolamba bahasha alisita, akaishika tu mkononi.

"Tunaweza kuipitia tena," akasema.

"Kuna nini?"

"Hakuna. Nasema tunaweza tu."

"Posta inafungwa, Wendell."

Akaenda.

Machi 2
Theluji inaanza kulainika juu. Chini bado mawe.

Machi 8
Joyce atanikopesha koti lake zuri.

Machi 12. Jumatano
Naandika ya jana. Itachukua kurasa, Joyce, tafuta kiti.

Tuliondoka na gari la Wendell kabla ya jua. Kanda tano nilizipakata mapajani kama mtoto wa kubatizwa. Barabara ilikuwa kavu. Wendell aliongea njia nzima: mashine za kukamua, nyuzi, mvuke, valvu. Tulipoyaona majengo ya mji akanyamaza ghafla.

Chumba chenyewe ni kidogo, giza, kimejaa televisheni ukutani na taa nyekundu. Fundi ni mwanamke, Denise Kowalczyk, wa huko huko mjini, umri wa binti yangu kama ningekuwa naye. Alikuwa anatafuna ubani na amevua viatu. Hakutupa pole wala kahawa.

"Nyinyi ndio siagi?" akauliza. "Namba zenu zimo. Kaeni. Msiguse kitu."

Akaweka kanda ya kwanza. Mitambo ikarudi nyuma, ikaenda mbele, ikatulia. Mkato wa kwanza ulikuwa mzee Tollerud akieleza alivyoamka alfajiri kuwasha boila. Lakini kabla yake spika kubwa zilizoko kila upande wa kichwa changu zikasema: "...mlikuwa mnaanza saa ngapi, Arne?"

Ile sauti! Kule nyumbani ilikuwa inatoka kwenye televisheni mbovu na kidole changu kiko kwenye kitufe. Hapa sina kitufe. Sauti ilijaa chumba kizima, na puani mwake unasikia yale mafua yake ya kiangazi. Kisha mzee Tollerud akaanza, na kabla hajamaliza sentensi akakatwa.

Denise akasimamisha. "Kuna mwanamume nyuma ya kamera. Mnamtaka?"

"Hapana," nikasema. "Namba zinaanzia baada yake."

"Haziko hivyo." Akavuta karatasi yangu ya namba niliyoandika kwa mkono, akaiweka kando ya ile iliyochapishwa. Akatazama hii, akatazama ile. Akatoa ubani mdomoni akaubandika kwenye kikombe. "Nani alichagua hesabu?"

"Mimi."

"Basi umekosea, mama."

Nataka kueleza jambo hili sawasawa. Tangu Oktoba hakuna binadamu aliyeniambia nimekosea. Nimewalisha watu chumvi, nimewanyima viti vyao, nimemharibia mchungaji hubiri lake. Na huyu msichana asiye na viatu akasema umekosea kama anavyosema dirisha liko wazi. Nikashika ukingo wa meza.

"Kanda zimehesabiwa picha kwa picha," akaendelea. "Wewe umeiambia kompyuta yako zimehesabiwa kwa saa. Sasa ilipochapisha ikajifanya inakusaidia, ikazigeuza. Kila saa moja ya hesabu inakurudisha nyuma sekunde tatu na kitu. Kanda ya kwanza hutashtuka sana. Ya tano, hesabu ikiwa imefika saa tano, ndiyo utaona maajabu. Ngoja tuhakikishe kabla sijagusa kitu. Mkato wa mwisho kabisa ni upi?"

"Selmer," Wendell akasema.

Nikamgeukia. Alikuwa anatazama viatu vyake na masikio yake yalikuwa mekundu.

"Ulijua," nikasema.

"Shemeji..."

"Ulijua tangu Novemba."

"Nilifikiri labda umeona kitu ambacho mimi sikukiona. Halafu ulikuwa unaendelea vizuri, kila siku mikato yako. Nikaona nikikwambia..."

"Ungeua filamu ya Orrin kwa adabu!"

"Ningekuambia ndani ya gari. Nilikuwa najiandaa. Nilianza pale tulipoupita mji wa Alexandria, nikajikuta naongelea valvu."

Denise hakutuangalia. Alikuwa amekwisha kuweka kanda ya tano. Ikakimbia, ikatulia, na Selmer Bakke akatokea kwenye televisheni zote, amekaa kwenye ngazi, kofia bado kichwani. Hasemi kitu. Anatazama pembeni ya kamera.

Na Orrin akasema, taratibu:

"Ardis wangu alikuwa ofisi hiyo hapo nyuma yako. Akaacha, akaja kunishikia taa. Sijawahi kumuuliza kama ilimuuma. Kila nikitaka kuuliza naishia kuuliza kitu kingine."

Halafu kimya. Selmer anatazama chini. Unasikia upepo kwenye kipaza sauti.

"Wewe je, Selmer? Ungeirudia kazi hii?"

Kofia ikavuliwa. "Ningerudi," akasema Selmer, "kesho asubuhi ningerudi," na kipande kikakatwa hapo, kabla ya kiti, kabla ya kicheko. Televisheni zote zikawa nyeusi.

Mashine zilikuwa zinavuma.

"Iliniuma," nikasema.

"Ni sawa, shemeji," Wendell akanong'ona, mkono wake ukanigusa bega. "Ni sawa tu."

"Si sawa!" Sijapiga kelele hivyo tangu nikiwa mtoto zizini. "Si sawa, Wendell, acha kuniambia ni sawa! Iliniuma, kila Ijumaa iliniuma, na alikuwa anajua, na akaenda kumwambia Selmer! Kitanda kimoja miaka ishirini na tisa, akaenda kumwambia Selmer Bakke!" Nililia mbele ya mtu wa mjini nisiyemjua, kwa pua na kwa mdomo, juu ya koti la Joyce. Joyce, koti nitalipeleka kusafishwa.

Wendell naye akaanza. Alilia kwa kusimama wima, mikono mfukoni, kama yuko kwenye wimbo wa taifa.

Denise alingoja. Kisha akasema, si kwa ukali, "Mama, namba nazigeuza zote kwa dakika chache, mashine hii inajua kufanya hivyo. Siku yenu haijaharibika. Lakini nahitaji neno lako. Huyu mwanamume, hapa mwisho. Abaki au atoke?"

Nikamfikiria Orrin alivyokuwa akisimama nyuma ya kamera, bega moja limeshuka, akijifanya hayupo. Kuna mtu angesema mwache, sauti ya marehemu, jimbo zima lisikie. Mimi nilijua angeona haya mpaka huko aliko.

"Atoke," nikasema. "Mwenyewe ndivyo angetaka. Lakini kabla hujamtoa, mrudishe mara moja."

Akamrudisha. Selmer, ngazi, dirisha la ofisi yangu. Ardis wangu alikuwa ofisi hiyo. Sijawahi kumuuliza kama ilimuuma. Kikaja kile kimya, upepo kwenye kipaza sauti, ni kifupi, inabidi uwahi.

"Iliniuma, Orrin," nikamwambia. "Na taa nilipenda kuzishika. Yote mawili."

Denise alikuwa ameweka kidole kwenye kitufe. Alisubiri nimalize, ndipo akaikata ile sauti.